Sala ya jioni imehamia wapi?

Novemba 1882 Mapadre Weupe waliokuwa Buganda walifunga mizigo, wakapanda mitumbwi, wakavuka ziwa kuja upande wa kusini, ambako walijenga misheni Bukumbi, jirani na Mwanza ya leo. Walikuwa wamekaa Buganda muda usiofika miaka minne. Nyuma yao walikiacha kikundi kidogo cha watu waliobatizwa juzijuzi na wengine waliokuwa bado wanajifunza, bila padre, bila Misa, bila kitubio, katika ufalme ambao nia ya Kabaka ingeweza kugeuka asubuhi moja. Mutesa, Kabaka wa wakati huo, alifariki mwaka 1884, Mwanga akakalia kiti cha baba yake, na mapadre wakarudi Julai 1885. Waliwakuta waamini wameongezeka.

Waliofanya kazi hiyo hawakuwa na daraja takatifu wala cheo cha kanisa. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana wahudumu ndani ya ikulu ya Kabaka. Andrea Kaggwa alipokea watu nyumbani kwake. Na kule Mityana, zaidi ya kilomita 70 kutoka Kampala, alikuwapo Matias Kalemba, mtu mzima mwenye madaraka ya kichifu, aliyebatizwa Mei 1882, miezi michache tu kabla ya mapadre kuondoka. Kalemba alikuwa na wake kadhaa. Alipoamua kuwa Mkristo alibaki na mmoja, akaifanya nyumba yake mahali pa sala na mafundisho ya Jumapili. Majirani walikuja, wakajifunza kwa kusikiliza na kwa kutazama jinsi mtu yule alivyoishi na mke, watoto na watumishi wake. Wote watatu waliuawa kati ya 1885 na 1886, na Oktoba 1964 Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu pamoja na wenzao, jumla yao 22.

Nimeanza na Mityana kwa sababu kila mwaka, tarehe 3 Juni inapofika, tunawakumbuka mashahidi hao kwa moto wa Namugongo uliowaua wengi wao, na hatuzungumzi vya kutosha juu ya miaka mitatu iliyotangulia moto huo. Imani iliyothubutu kuingia katika moto ilikuwa imekuzwa sebuleni. Kanisa la eneo hili letu liliwahi kukaa muda mrefu mikononi mwa watu wa nyumbani peke yao, na halikufa.

Hata baadaye, misheni zilipokuwa zimeenea kutoka Bagamoyo hadi Karema, na kutoka Kilimanjaro hadi Peramiho, familia nyingi ziliendelea kumwona padre kwa nadra. Kigango kilikuwa mbali na parokia, padre alikuja kwa miguu, kwa baiskeli au kwa pikipiki, mara moja kwa mwezi, pengine kwa miezi kadhaa. Jumapili nyingine zote katekista aliongoza ibada, na siku sita zilizobaki ziliongozwa na bibi. Mzee anayekueleza leo namna alivyojifunza Nasadiki, mara nyingi atakutajia jiko la kuni, harufu ya moshi na sauti ya mwanamke aliyekuwa akimenya viazi huku akimsahihisha.

Sasa tazama hali ya mjini. Parokia ya kawaida ya Dar es Salaam, Mwanza au Arusha ina Misa tatu au nne kila Jumapili, kuanzia alfajiri. Radio Maria inasalisha Rozari, na ukiwa na simu unaipata popote. Kuna Utoto Mtakatifu kwa watoto, TYCS kwa wanafunzi, VIWAWA kwa vijana, WAWATA kwa akina mama, UWAKA kwa akina baba. Kuna shule za masista na seminari ndogo ambazo wazazi hupigania nafasi. Huduma ya kiroho haijawahi kuwa karibu na Mkatoliki wa Tanzania kama ilivyo leo. Wakati huohuo, ni nyumba ngapi katika mtaa wako ambamo watu hukaa pamoja jioni na kusali? Sina takwimu. Lakini waulize watoto wa mafundisho swali hilo na uone wanavyotazamana.

Rai yangu ni kwamba padre alipokuwa mbali, nyumba ilijua ina kazi. Padre aliposogea, nyumba iliirudisha kazi hiyo parokiani kana kwamba iliazimwa tu. Na kazi hiyo si ya kuazimwa.

Sikiliza ibada ya ubatizo wa mtoto mchanga. Kabla maji hayajamwagwa, padre huwageukia kwanza wazazi. Huwauliza jina walilompa mtoto, huwauliza wanaomba nini kwa Kanisa, kisha huwauliza kama wanaelewa kwamba wanabeba jukumu la kumlea mtoto huyo katika imani. Wanajibu kwamba wanaelewa. Ndipo huwageukia wasimamizi, na wao anawauliza kama wako tayari kuwasaidia wazazi hao. Mpangilio huo una uzito. Msimamizi ni msaidizi. Katekista ni msaidizi. Padre mwenyewe, katika malezi ya mtoto huyo, ni msaidizi. Mwisho wa ibada, padre anapotoa baraka kwa mama na kisha kwa baba, maneno ya liturujia huwataja kuwa walimu wa kwanza wa mtoto wao katika imani. Sheria ya Kanisa inasema hivyohivyo katika kanuni ya 774, na kanuni ya 868 inamtaka padre asimbatize mtoto pasipo tumaini la msingi kwamba atalelewa Kikatoliki. Tumaini hilo halitazamwi katika ratiba ya parokia. Linatazamwa nyumbani.

Wengi wetu tunaposikia haya tunapata hofu, kwa sababu tunadhani tunatakiwa kuwa wanateolojia. Kalemba hakuwa mwanateolojia. Alikuwa Mkristo wa miezi michache. Sala ya jioni ya familia inahitaji vitu vichache sana: saa inayojulikana, mahali panapojulikana, na mtu mmoja asiyekubali iahirishwe.

Nyumba zilizodumu katika desturi hii zina namna zinazofanana. Vyombo vinatolewa, televisheni inazimwa, anayetaka kukaa mkekani anakaa, anayetaka kupiga magoti anapiga. Mmoja anaanza kwa ishara ya msalaba. Wanasali Baba Yetu, Salamu Maria, sala ya kutubu, sala kwa malaika mlinzi kwa ajili ya wadogo. Kisha kinakuja kipande ambacho mimi naona ndicho moyo wa jambo lote: kila mmoja anataja nia yake. Mtoto wa miaka mitano anaomba kwa ajili ya kuku aliyepotea. Binti wa kidato cha pili anaomba kwa ajili ya mtihani, na kwa sauti yake unagundua kwamba kuna jambo jingine zaidi ya mtihani. Baba anaomba kwa ajili ya kazi. Kwa dakika hizo chache mzazi hupata habari za watoto wake ambazo asingezipata kwa kuhoji. Mwishoni wanatajwa marehemu wa ukoo kwa majina, na mtoto ambaye hakumkuta babu yake akiwa hai anamjua kwa sababu amemtaja kila jioni tangu alipojifunza kuongea.

Wale wanaoanza upya nawasihi wasianze na Rozari nzima. Familia yenye watoto wadogo ikijitwisha matendo matano kila usiku, wiki ya pili itakuwa na ugomvi. Kumi moja la Rozari halimalizi dakika tano. Siku zenyewe zimegawanyika vizuri: furaha Jumatatu na Jumamosi, uchungu Jumanne na Ijumaa, utukufu Jumatano na Jumapili, na Alhamisi matendo ya mwanga ambayo Papa Yohane Paulo II aliyaongeza Oktoba 2002. Mpe mtoto alitangaze tendo la siku hiyo, na umwombe aeleze kwa maneno yake kilichotokea. Harusi ya Kana ikisimuliwa na mtoto wa darasa la tatu, pamoja na wasiwasi wote wa vinywaji kwisha, wenye nyumba huielewa upya.

Kuna nyumba ambazo saa ya jioni haipo kabisa. Baba anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, mama anafunga genge saa tatu usiku, mtoto amechukuliwa na basi la shule kukiwa bado giza. Kuwaambia watu hao wasali pamoja kila jioni ni kuwaongezea mzigo wa hatia. Wao wana njia nyingine. Mzazi anayemchora mtoto msalaba kwenye paji la uso kabla hajatoka mlangoni amembariki, na ana mamlaka ya kufanya hivyo kama mzazi. Sala kabla ya kula haihitaji wote wawepo. Na Jumapili jioni, nyumba nyingi zinaweza kuipata hata kama siku nyingine zote zimeliwa na mji.

Katika nyumba za namna hiyo, anayemfundisha mtoto kusali mara nyingi ni dada wa kazi. Nalisema hili kwa heshima kubwa. Wapo mabinti waliotoka Kigoma, Iringa na Singida wakiwa na nguo chache kwenye mfuko na Rozari shingoni, ambao wamewalea watoto wa mjini katika imani bila kuagizwa na yeyote. Mwajiri Mkatoliki asiyempa binti huyo nafasi ya kwenda Misa Jumapili, eti nani atabaki na watoto, anamdhulumu binti, na watoto wake mwenyewe wanaona.

Imani ya nyumbani ina mambo ya kushikwa kwa mkono pia, na watoto huyapenda. Tawi la Jumapili ya Matawi linalochomekwa juu ya mlango na kukaa hapo mpaka litakaporudishwa kanisani kuchomwa kwa ajili ya Jumatano ya Majivu. Chupa ya maji ya baraka. Picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ukutani. Pango la Noeli lililojengwa kwa majani ya migomba na maboksi. Sikukuu ya somo, siku ya mtakatifu ambaye mtoto amepewa jina lake, ambayo zamani ilisherehekewa kuliko siku ya kuzaliwa. Leo tuna akina Kizito na akina Bakhita wasiojua Kizito alikufa akiwa na umri gani, wala kwamba Bakhita alikuwa binti wa Darfur aliyeuzwa utumwani mara kadhaa kabla ya kufika Italia. Hadithi hizo ni za mzazi kusimulia.

Na kuna mkono wa kutoa. Mfungo wa Kwaresima ambao familia inapunguza kitoweo siku ya Ijumaa, halafu fedha iliyookolewa inahesabiwa mbele ya watoto na mmoja wao anatumwa kupeleka sukari na unga kwa mgonjwa wa jirani, awe Mkatoliki au la. Sala isiyofika kwa jirani watoto huishtukia mapema.

Nifike kwa akina baba, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapovuja. Katika familia nyingi za Kikatoliki mama ndiye anayeamsha watoto, anayewavisha, anayewapeleka mafundisho, anayekwenda jumuiya. Baba hufika Misa imefika katika Injili na kusimama nje chini ya mwarobaini, mikono nyuma. Si mtu mbaya. Analipa zaka, anachangia ujenzi wa nyumba ya mapadre, akiitwa kwenye kamati anakwenda. Lakini watoto wake hawajawahi kumsikia akisali kwa sauti yake mwenyewe. Mtoto wa kiume akifika miaka 14 anahitimisha kwamba sala ni mambo ya wanawake na watoto, na kwamba yeye sasa si mtoto tena.

Julius Nyerere hakuzaliwa katika nyumba ya Kikristo. Baba yake, Chifu Burito wa Wazanaki, alifariki 1942, na Julius alibatizwa Nyegina Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21, mwezi uleule ambao Laurean Rugambwa alipewa upadre. Akiwa Rais, watu wa Dar es Salaam walimwona akiingia Misa ya asubuhi katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay, katika siku za kazi. Baada ya kung'atuka aliyatia maandiko ya Biblia katika tenzi, na mwaka 1996 zikachapishwa. Mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulianzishwa Jimbo la Musoma mwaka 2005. Kanisa litaamua kwa wakati wake. Kwa akina baba nataja jambo moja tu lisilosubiri uamuzi huo: mtu aliyekuwa na shughuli nyingi kuliko mwanamume yeyote nchini alionekana akipiga magoti, na hakupungukiwa na lolote mbele ya watu.

Rugambwa naye ana habari ya nyumbani ambayo haisimuliwi sana. Alizaliwa Bukongo, Kagera, mwaka 1912, akabatizwa Machi 1921 akiwa mtoto wa miaka minane, pamoja na baba na mama yake, siku moja. Kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama zetu, aliyetangazwa na Papa Yohane XXIII mwaka 1960, alikwenda kwenye kisima cha ubatizo akiwa amefuatana na wazazi wake.

Lipo jambo jingine ambalo mahubiri hulipita haraka, nami sitalipita. Familia nyingi zinazoitwa za Kikatoliki hazina ndoa ya Kanisa. Baba na mama walianza maisha, mahari ilitolewa nusu, watoto wakaja, na kila mwaka wanasema mwakani. Jumapili wakati wa Komunyo wanabaki kwenye benchi. Mtoto wa kwanza, ambaye majuzi amepokea Komunyo ya Kwanza kwa shangwe, keki na picha, anapita mbele ya magoti ya wazazi wake kwenda kupokea. Ipo siku atauliza. Na jibu atakalopewa, au ukimya atakaopewa, ni sehemu ya katekesimu yake.

Kinachowazuia wengi wao si ukosefu wa imani. Ni harusi. Tumejenga desturi ambayo ndoa haiwezi kufungwa bila kamati, vikao vya michango, ukumbi, mshereheshaji, sare na gari la kukodi. Mahitaji ya Kanisa ni madogo mno ukilinganisha: wawili walio huru kuoana, mafundisho ya ndoa, matangazo, mashahidi wawili na mhudumu aliyepewa mamlaka. Parokia nyingi zimekuwa zikifungisha ndoa za pamoja, jozi kumi au ishirini katika Misa moja, na wapo watu waliopokea Ekaristi siku hiyo baada ya kuikosa kwa miaka mingi, watoto wao wakubwa wakiwa wasimamizi. Parokia isiyofanya hivyo walau mara moja kwa mwaka inaacha kazi kubwa ya familia bila kuguswa. Na ndugu wanaomcheka mtu kwa sababu alifunga ndoa Jumamosi na kula wali na maharage nyumbani, wajue wanachokicheka.

Familia za imani mbili ni nyingi pia, hasa Pwani, Tanga, Morogoro na Tabora. Mkatoliki na Mlutheri, Mkatoliki na Mwislamu. Kwa ndoa ya namna hiyo Kanisa humtaka mwenzi Mkatoliki aahidi kwamba atafanya yote yaliyo katika uwezo wake ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake anajulishwa ahadi hiyo. Mwenzake haahidi kitu. Maneno hayo, yote yaliyo katika uwezo wake, yamepimwa kwa uangalifu. Hayamruhusu Mkatoliki kulegea, na hayamruhusu kuivunja nyumba. Anayesali kwa utulivu mbele ya mume asiyesali naye, anayeandaa futari kwa moyo mweupe mwezi wa Ramadhani na bado Jumapili anawashika watoto mkono kwenda kanisani, anafanya malezi mazito kuliko mengi ninayoyajua.

Mtakatifu Monika aliishi katika nyumba ya namna hiyo, Thagaste, katika Algeria ya leo. Mumewe Patrisi alikuwa mpagani mwenye hasira, akabatizwa karibu na kufa kwake. Mwanawe Augustino alimtoroka usiku, akapanda meli kwenda Roma. Monika alimfuata ng'ambo. Augustino alibatizwa na Ambrosi mjini Milano, Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka 32, na mama yake akafariki mwaka huohuo pale Ostia wakisubiri meli ya kurudi Afrika. Wazazi ambao watoto wao wameacha Misa, au wamehamia makanisa mengine, au hawataki kusikia habari za Mungu, wana rafiki pale. Nawaomba wasijihesabie hukumu kila wanapoona benchi lina nafasi. Mtoto aliyekomaa ana hiari yake, na Mungu naye hajamaliza naye.

Ningependa kila jumuiya nchini isimulie habari za Cyprien na Daphrose Rugamba wa Rwanda. Walioana mwaka 1965. Cyprien alikuwa amewahi kusoma seminari, akaondoka, akapoteza imani. Alikuwa mshairi, mtunzi wa nyimbo na mtaalamu wa ngoma za asili, aliyeongoza taasisi ya utafiti ya taifa kule Butare, na kikundi chake cha ngoma kilijulikana sana. Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Alimtesa moyo mkewe, na wakati fulani alimrudisha kwao. Daphrose aliendelea kusali miaka yote hiyo, katika nyumba ambayo mwenye nyumba hakutaka habari za Kanisa. Mwaka 1982, baada ya ugonjwa, Cyprien alimrudia Mungu, na akamrudia mkewe. Nyumba ileile iliyokuwa na majeraha ikawa mahali watu walipokuja kusali na kusuluhishwa. Mwaka 1990 wawili hao waliianzisha Jumuiya ya Emmanuel nchini Rwanda, na wakaanza kuwalisha na kuwatunza watoto wa mitaani wa Kigali. Cyprien alipinga hadharani ubaguzi wa kikabila wakati ambapo kuupinga kulikuwa hatari.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 waliukesha katika sala mbele ya Ekaristi, nyumbani kwao. Asubuhi ya tarehe 7 askari waliingia na kuwaua, pamoja na watoto wao sita. Siku tatu baadaye, tarehe 10 Aprili, Sinodi ya Afrika ilifunguliwa Roma. Maaskofu waliokusanyika pale, huku habari za mauaji ya kimbari ya Rwanda zikiwafikia kila siku, walichagua kuliita Kanisa la Afrika Familia ya Mungu. Wapo waliouliza, na bado wanauliza, jina hilo linawezaje kusimama katika bara ambalo Mkristo alimwua Mkristo kwa sababu ya ukoo wa damu. Kwangu nyumba ya akina Rugamba imo ndani ya jibu. Jina hilo lilikuwa tayari limeishwa na familia moja Kigali, siku chache kabla halijaandikwa. Jimbo Kuu la Kigali lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenyeheri mwaka 2015, baba na mama pamoja. Imekuwa desturi njema ya Kanisa katika karne hii kuwatazama watu wa ndoa wakiwa wawili: Luigi na Maria Beltrame Quattrocchi wa Italia walitangazwa wenyeheri kwa pamoja mwaka 2001, na Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Theresia wa Lisieux, walitangazwa watakatifu kwa pamoja Oktoba 2015.

Kwa jumuiya zetu nina ombi la mwisho. Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zilichaguliwa na maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya Nairobi ya 1973 na 1976, ili Kanisa liishi pale watu wanapoishi, katika nyumba kumi au ishirini zinazojuana. Zimefanya mambo makubwa. Zimezika watu, zimewauguza, zimepatanisha wenye ndoa. Lakini nenda leo Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo jumuiya nyingi za mjini hukutana. Utakuta akina mama 15, mzee mmoja au wawili, na kiti cha baba mwenye nyumba kikiwa kitupu. Watoto wamelala. Injili ya Jumapili inasomwa, inatafakariwa kwa haraka, kisha nusu ya muda inakwenda kwa michango: zaka, mavuno, ujenzi, sherehe ya somo wa parokia. Kijana wa kiume anakumbuka jumuiya siku anapohitaji barua ya utambulisho ili afunge ndoa au mtoto wake abatizwe, na mwenyekiti anamfungulia daftari la madeni.

Mambo haya yanabadilika kwa uamuzi mdogo tu wa wanajumuiya wenyewe. Hakuna kanuni ya Kanisa inayotaja Jumamosi alfajiri. Jumuiya inaweza kuhamia Jumapili saa kumi alasiri, wakati baba yupo na watoto wameamka. Somo linaweza kusomwa na mtoto wa darasa la tano, na swali la kwanza la tafakari likaelekezwa kwa vijana. Mambo ya fedha yanaweza kubaki kwa mweka hazina na kusemwa kwa dakika tano mwishoni. Mei na Oktoba, sanamu ya Bikira Maria inapotembezwa nyumba hadi nyumba, mwenye nyumba ya siku hiyo aongoze Rozari mwenyewe, na kama ni mwanamume, aongoze mwanamume. Na familia ambayo haijawahi kupokea jumuiya kwa sababu ina chumba kimoja au haina viti, ipewe zamu mwezi ujao. Viti vitabebwa na majirani.